George Graham na Hukumu ya Majukwaa



Wanasheria hufundishwa kwamba hukumu hufuata ushahidi, na kwamba hakimu atangulizaye mapenzi yake amehini amana aliyokabidhiwa. Lakini iko mahakama nyingine, yenye maelfu ya mahakimu waliolipa nauli na kiingilio ili wapate kuketi ndani yake, ambayo haijapata kamwe kuyaficha mapenzi yake, na ambayo hukumu zake, hata zinapomdhulumu mtu, zastahili kusikilizwa na kupimwa. Jioni hii nataka kuitazama kwa njia ya mtu mmoja, George Graham, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1944, ambaye mashabiki wa klabu mbili hasimu za kaskazini mwa London, Arsenal na Tottenham Hotspur, walimhukumu kinyume kabisa cha yale ambayo daftari la vikombe na daftari la fedha yangeamua.

Graham alipokabidhiwa Arsenal mwaka 1986 hakuwa mgeni pale, maana alikuwa miongoni mwa wachezaji waliotwaa ubingwa wa ligi na Kombe la FA kwa pamoja mwaka 1971. Tangu mwaka huo klabu haikuuonja ubingwa tena, hata ulipofika usiku wa tarehe 26 Mei 1989 pale Anfield, ambapo ilibidi Arsenal iifunge Liverpool kwa tofauti ya mabao 2, jambo lililohesabiwa na wengi kuwa muhali; na Michael Thomas alipolifunga bao la pili mchezo ukiwa unakata roho, timu hizo zikawa sawa kwa pointi na sawa kwa tofauti ya mabao, ubingwa ukaenda London kwa wingi wa mabao ya kufunga tu. Mwaka 1991 akautwaa tena, akiwa amepoteza mechi 1 kati ya 38 na kufungwa mabao 18. Mabeki wake Dixon, Adams, Bould na Winterburn alikuwa amewazoeza kupanda na kushuka kwa pamoja, zoezi lile lile siku nenda siku rudi, na ingawa mashabiki wa klabu nyingine waliuona mchezo huo mkavu, wale wa Highbury, uwanja wa Arsenal wa wakati huo, waliufanya fahari, wakautungia wimbo wa ushindi wa bao 1 kwa 0, matokeo yale yale waliyoyapata dhidi ya Parma mjini Copenhagen mwaka 1994, walipolitwaa Kombe la Washindi la Ulaya.

Kisha ikaja fedhaha. Ilidhihirika kwamba Graham alipokea paundi 425,000 kutoka kwa wakala wa Norway, Rune Hauge, aliyehusika na usajili wa John Jensen na Pål Lydersen. Yeye alishikilia kwamba ilikuwa hidaya asiyoiomba, akairejesha klabuni pamoja na faida yake. Hata hivyo alifukuzwa kazi Februari 1995, na chama cha soka kikamfungia mwaka 1.

Hapa ndipo ninapoomba tusipite kwa haraka. Fedha ya usajili, ukiifuata mpaka chimbuko lake, hutoka kwa wakata tiketi. Basi lau kuna watu waliokuwa na haki ya kughadhibika, ni mashabiki wa Arsenal. Huyo Jensen, ambaye alisajiliwa baada ya kuifungia Denmark katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Ulaya mwaka 1992, alicheza karibu mechi 100 kabla ya kufunga bao lake la kwanza na la mwisho kwa klabu hiyo, na mashabiki, badala ya kumzomea, walimpenda kwa ukame huo huo, wakavaa fulana za kutangaza kwamba walikuwapo siku alipofunga. Kwa Graham nako shukrani iliyameza mashtaka: aghalabu anapotajwa, Anfield hutangulia na habari za wakala hufuata kwa sauti ya chini. Mimi naona msamaha huo ulitolewa kwa wepesi mno, maana fadhila ya vikombe haimpi mtu ruhusa ya kunufaika kwa siri na biashara anayoisimamia kwa niaba ya wengine.

Sasa tazama upande wa pili. Oktoba 1998, baada ya kupitia Leeds, Graham aliingia Tottenham, klabu ambayo haikuwa imepata kombe tangu mwaka 1991. Na kabla msimu haujaisha akawapa Kombe la Ligi, kwa bao la Allan Nielsen dhidi ya Leicester. Walishangilia kombe, ila jina la mleta kombe likawakwama kooni, hata katika nyimbo zao wakamwita mtu aliyevaa koti la mvua. Sisi tuliokulia baina ya Simba na Yanga hatuhitaji mkalimani katika jambo hili. Lakini si haki kusema kwamba ilikuwa chuki tupu, kwa sababu watu wa Tottenham walirithi kutoka kwa timu yao ya mwaka 1961, iliyotwaa ubingwa wa ligi na Kombe la FA kwa pamoja, itikadi kwamba mchezo usio na madaha ni nusu ya mchezo, na Graham alipomwachia David Ginola aende Aston Villa mwaka 2000, mwaka mmoja tu baada ya wachezaji na waandishi wa Uingereza kumtunukia tuzo zao zote mbili, waliona wamenyang'anywa kitu ambacho kombe halikuweza kukilipa. Katika hilo nawaunga mkono. Katika kumkataa kwa sababu ya jezi aliyoivaa akiwa kijana, siwaungi mkono.

Machi 2001 wamiliki wapya wa klabu walimfukuza, wakidai amevunja mkataba kwa kutoa siri za klabu, ilhali nusu fainali ya Kombe la FA dhidi ya Arsenal yenyewe ilikuwa imekaribia. Mtu aliyekuwa ameifikisha timu hapo hakupata watetezi wengi majukwaani. Glenn Hoddle, mchezaji wao kipenzi wa zamani, akapokewa kwa shangwe kabla hajawashindia mechi hata moja akiwa kocha wao, na majuma machache baadaye, pale Old Trafford, Arsenal ikawafunga mabao 2 kwa 1.