Tegemeo la Mwanadamu

Sogeeni karibu na redio, na kila mwenye karatasi ya somo aifungue mbele yake. Nitasoma polepole. Nanyi fuateni maneno kwa kidole.

Neno letu la leo ni hili: te-ge-me-o. Tegemeo ni kitu kinachokushika usianguke. Paa hutegemea nguzo. Mtoto mchanga humtegemea mama yake. Je, mtu mzima hutegemea nini? Mmoja atajibu, shamba langu. Mwingine, ng'ombe wangu. Mwingine, mshahara wangu wa mwezi. Na wazee walisema, "Akiba haiozi." Ni neno la hekima. Lakini na tulipime.

Twende kwanza Unguja. Katika karne ya 19 utajiri wa kisiwa hiki ulikuwa karafuu. Mkarafuu huchukua miaka mingi kukua, lakini ukishakua huzaa miaka mingi sana. Mwenye shamba la mikarafuu alijiona salama, yeye na watoto wake. Ndipo tarehe 15 Aprili, mwaka 1872, ikavuma tufani kubwa. Kwa siku moja iliangusha karibu theluthi mbili za mikarafuu ya Unguja. Meli za Sultani Barghash zilizokuwa bandarini nazo zikaharibika. Kisiwa cha Pemba, kilicho jirani, hakikupata hasara kama ile.

Tena, ndugu zangu, tusisahau nani waliolima mashamba yale. Walikuwa watumwa. Mwenye shamba aliwahesabu watu wale kuwa mali yake, kama alivyohesabu miti. Mwaka uliofuata, 1873, soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba. Siku ya Krismasi ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini, mahali pale pale palipokuwa na soko. Basi katika muda usiotimia miaka miwili, miti, meli na soko la watu, vyote vilitikisika.

Labda mtu atasema, "Hiyo ilikuwa tufani. Tufani haiji kila mwaka." Haya, tutazame mkonge. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani, Dakta Richard Hindorf. Inasimuliwa kwamba kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa ni 62 tu iliyofika ikiwa hai. Kutokana na miche hiyo michache yalitokea mashamba makubwa ya Tanga na Morogoro. Nchi ikawa ya kwanza duniani kwa mkonge. Mwaka 1964 ilitoa tani 230,000 hivi. Watu waliuita dhahabu ya kijani, na maelfu ya wafanyakazi walipata mshahara kwa mkonge.

Halafu viwanda vya nchi za mbali vikaanza kutengeneza kamba za nailoni na plastiki. Bei ya mkonge ikaanguka. Mashamba mengi yakageuka pori. Miaka ya mwisho ya 1990 mavuno hayakufika hata tani 30,000 kwa mwaka. Hapana upepo uliovuma. Mkataji mkonge hakufanya kosa lo lote. Alfajiri aliamka kama desturi, akanoa kisu chake, lakini kazi haikuwapo tena.

Sasa tufungue Injili ya Luka, sura ya 12. Mtu mmoja alimwendea Bwana Yesu na ugomvi wa urithi. Alitaka ndugu yake aamriwe kumgawia fungu lake. Yesu hakukubali kuwa mwamuzi wa mali yao. Aliwapa mfano wa tajiri ambaye shamba lake lilizaa sana. Tajiri akakata shauri kubomoa ghala zake na kujenga kubwa zaidi, apate kula na kustarehe miaka mingi. Usiku ule ule Mungu akamwambia kwamba roho yake inatakwa.

Angalieni vizuri: hatuambiwi kwamba mtu huyu aliiba. Hatuambiwi kwamba alikuwa mvivu. Basi kosa lake ni nini? Sikilizeni maneno yake. Alishauriana na nafsi yake peke yake. Alisema ghala zangu, mavuno yangu, nafsi yangu. Mungu hakumtaja, wala jirani yake mwenye njaa hakumtaja.

Je, basi Mkristo asiweke akiba? La, sivyo. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 41, Yusufu aliweka akiba sehemu moja ya tano ya mavuno ya Misri kwa miaka saba. Njaa ilipokuja akazifungua ghala, na watu wakapona. Tajiri alikuwa na ghala, na Yusufu alikuwa na ghala. Yule aliitegemea ghala yake. Huyu alimtegemea Mungu, na ghala ikawa chombo cha kuwaponya watu.

Kwa hiyo lima, soma, weka akiba yako, walipie watoto ada. Lakini usiiambie akiba, "Wewe ndiwe uzima wangu." Kwa maana siku ya kufa nyani, miti yote huteleza. Na jirani yako akipatwa na msiba, fungua mlango wa ghala hata kama ni debe moja tu. Ulichompa mwenye njaa, tufani haiwezi kukiangusha.

Maswali ya kujibu darasani:

1. Tufani ya Unguja ilivuma mwaka gani?
2. Kwa nini bei ya mkonge ilianguka?
3. Ghala ya tajiri na ghala ya Yusufu zilitofautianaje?
4. Andika sentensi tatu: Wewe unategemea nini?

Someni tena somo hili nyumbani, nanyi mwasomee jamaa zenu wasiojua kusoma. Kwaherini.