Mlezi wa Mwalimu wa Sayansi

Mwalimu kijana wa sayansi hutoka chuoni na shahada yake, akakabidhiwa chaki, madaftari na vipindi tele, lakini ni nadra akabidhiwe kwa mwalimu mkongwe wa kumlea katika adabu iliyo ngumu kuliko zote za kazi yake, nayo ni adabu ya kulipokea swali asilo na jawabu lake.

Adabu hiyo haisomwi kitabuni. Huonwa kwa mtu aliye nayo, kama kisa hiki kionyeshavyo. Mwaka 1963, katika Tanganyika, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu huko Magamba, alitia maziwa ya moto katika jokofu ili yawe aiskrimu, akayakuta yameganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipomwuliza mwalimu sababu, aliambiwa kuwa amekanganyikiwa. Na baadaye, alipokuwa shule ya Mkwawa, Iringa, swali lile lile lilifanyiwa dhihaka darasani. Siwalaumu mno walimu wale, kwa kuwa mtu aliyelelewa kuamini kwamba heshima yake imo katika kuwa na jawabu kila saa hana budi kuliona swali geni kuwa ni adui.

Kisha akafika Mkwawa Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, kutoa mhadhara. Mpemba akauliza tena. Mgeni yule, ijapokuwa aliona shaka kubwa, hakumkanusha kijana mbele ya hadhara, bali aliahidi kulijaribu jambo lenyewe, na aliporejea chuoni akaamuru maji yapimwe maabarani. Mwaka 1969 habari za majaribio hayo zilichapishwa katika jarida la Physics Education kwa majina ya wote wawili, naye Mpemba akitajwa kwanza. Na hata leo wataalamu wangali wakihojiana juu ya jambo hilo.

Natamani kila mwalimu mpya akae japo mwaka mmoja ubavuni mwa mtu wa tabia ile, amsikie akikiri mbele ya watoto kuwa hajui, kisha amwone akinyanyua kipimajoto. Basi nawasihi wakuu wa shule: mteueni mkongwe mmoja mwenye stahamala, aingie maabarani pamoja na mwalimu huyo mpya, na mpunguzieni mkongwe huyo vipindi vyake, maana ulezi nao ni kazi, wala si haki kumtaka aifanye baada ya jua kuchwa.