Kidonge cha Mafuta ya Damu Kilianzia Wapi?

 

Juzi mama mmoja alinijia kliniki na pakiti ya vidonge, karibu imejaa. Vilikuwa vya mama mkwe wake, mwenye kisukari na presha. "Sista, nyanya amezikataa hizi dawa za kolesteroli. Ati misuli inamuuma, na jirani anasema wazungu wanatujaribia."

Sikumgombeza. Mtu ana haki ya kuuliza dawa imetoka wapi. Hii haikuanzia kwa wazungu, wala kwetu. Ilianzia Japani kwenye ukungu, kama ule unaoota juu ya ugali uliolala. Kuanzia mwaka 1971, Akira Endo na wenzake walichunguza aina zaidi ya 6,000 za kuvu. Mwaka 1973 wakapata walichotafuta katika kuvu iliyotoka kwenye mchele wa duka la nafaka mjini Kyoto. Kilizuia mwili kutengeneza kolesteroli, yale mafuta yanayoziba mishipa ya moyo.

Mnadhani walikimbia kuuza? Walianza na panya, na panya hawakubadilika hata kidogo. Wengi wangeacha. Endo alifikiria kuku wanaotaga, kwa kuwa mayai yana kolesteroli nyingi. Mwaka 1976 kuku wakapewa, na mafuta katika damu yao yakashuka. (Mimi mfugaji wa kuku, sehemu hii huipenda sana.)

Mwaka 1978 daktari mmoja mjini Osaka akampa msichana wa miaka 18, aliyezaliwa na ugonjwa wa kolesteroli nyingi mno. Mafuta yalishuka, lakini misuli yake ikalegea. Kipimo kikapunguzwa. Kwa hivyo, akina mama, maumivu ya nyanya si uongo wala uchawi. Ni jambo lililoonekana tangu mgonjwa wa kwanza kabisa.

Dawa hiyo ya Endo haikufika sokoni. Mwaka 1980 kampuni iliisimamisha kwa sababu ya hofu iliyotokana na majaribio ya mbwa. Ndugu yake, lovastatin, ilichunguzwa upya na kupata kibali Marekani mwaka 1987. Mwaka 1994 ndugu mwingine, simvastatin, alijulikana baada ya kujaribiwa kwa wagonjwa wa moyo 4,444 wa nchi za Skandinavia: vifo vilipungua kwa asilimia 30. Tangu kuvu hadi hapo ni miaka 21.

Anayekuuzia unga wa "kusafisha moyo" kwenye matatu, muulize: ulijaribiwa kwa nani, wangapi, na nani aliumia? Akinyamaza, weka pesa zako.

Mgonjwa wako akiumwa misuli, usimwachishe dawa kimyakimya. Mlete tupime damu. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, mlete siku hiyo hiyo. Na wewe mama unayemeza dawa hizi, ukishika mimba au ukiwa unanyonyesha, mwambie daktari mara moja.

Nyanya alikuja wiki iliyofuata. Daktari alimpima, akampunguzia kipimo, na sasa anameza kila usiku. Alikuja na yule jirani. Presha ya jirani ilikuwa 170 kwa 100, na hakuwa anajua.

Tukutane wiki ijayo, saa kama hii. Kwaherini.