Ng'ombe wa Ada na Bei ya New York
(Hotuba kwa wanachama na wazazi, Kighare, Upare)



Juzi mzee mmoja aliniuliza: "Mwalimu, hata biashara nayo husomwa? Si huanza dukani?" Swali lake ni la haki. Ana ng'ombe wawili, na mmoja ndiye ada ya mwanawe atakaye kwenda Chuo Kikuu kusomea biashara ya nchi za nje.

Namjibu kwa kahawa. Kahawa yetu hupigwa mnada Moshi, lakini bei ya arabika hutazamwa New York, nako huhesabiwa kwa senti za Kimarekani kwa ratili, si kwa shilingi wala kilo. Mnunuzi huijua hesabu hiyo kabla hajaingia mnadani. Sisi je? Mwaka 1989 mapatano ya dunia ya kugawana mafungu ya kahawa yalivunjika, bei ikaanguka. Baba yangu alidhani karani amemwibia! Kumbe karani hakuwa na kosa lolote.

Tena kuna mikataba. Auzaye kwa bei ya melini Tanga hachukui nauli ya bahari. Auzaye kwa bei ya kufika Hamburg, nauli na bima ni juu yake. Asiyejua tofauti hiyo aweza kuuza mzigo wote akabaki na deni.

Paul Bomani, kiongozi wa ushirika wa wakulima wa pamba kule Ziwa Victoria, alikwenda Loughborough, Uingereza, kusomea ushirika katika miaka ya 1950. Baadaye alikuwa Waziri, kisha Balozi wetu Marekani. Na hapa hapa Usangi alizaliwa Cleopa Msuya, aliyesoma Makerere, akashika Wizara ya Fedha na kuwa Waziri Mkuu mara mbili.

Mama mmoja anasema, "Atakwenda asirudi." Hofu hiyo ni ya kweli, nami sina dawa yake. Lakini si lazima aanzie ng'ambo. Chuo cha Ushirika cha Moshi kilianzishwa mwaka 1963, na tangu 2014 ni Chuo Kikuu. Aanze hapo, asome na Kifaransa, maana Kongo ni jirani, na biashara huru ya Afrika nzima ilifunguliwa tarehe 1 Januari 2021.

Wala sisemi ng'ombe auzwe kesho. Kwanza kijana aombe Bodi ya Mikopo, ng'ombe angoje.

Wenye vyeti vya Kidato cha Sita wabaki baada ya mkutano, kila mmoja na mzazi wake, tujaze fomu. Na yule mzee wangu akae mbele.