Mbwa Mpole Hungoja Ruhusa



Mbwa wetu wengi hufugwa kulinda boma. Langoni tunaandika "Mbwa Mkali", na watoto hukua wakijua kwamba mbwa ni wa kukimbiwa. Kwa hivyo, tunapopanga kumpeleka mbwa katika makao ya wazee ili awaliwaze, tumfikirie kwanza yule anayemwogopa. Yeye hawezi kuinuka kitandani akimbie.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka wa 1976, muuguzi Elaine Smith alianzisha nchini Marekani shirika la Therapy Dogs International, la mbwa wanaotembelea wagonjwa.

Mazoezi huanzia nyumbani, na ya lazima ni matatu. La kwanza ni kuketi anaposalimiwa. Akikurukia kwa furaha, usimpigie kelele, mgeuzie mgongo. Akiketi, mpe kipande kidogo cha nyama papo hapo. Ngozi ya mzee ni nyepesi, na ukucha mmoja watosha kuichana. La pili ni neno "acha". Kidonge cha mgonjwa kikianguka sakafuni, asikiguse. La tatu ni kutoshtuka. Mzoeshe magongo, kiti cha magurudumu na mlio wa sinia inayoanguka, kwa mbali kwanza, kisha karibu.

Kabla ya ziara, pata kibali cha wasimamizi. Hakikisha mbwa amepata chanjo ya kichaa cha mbwa ya kila mwaka, na ubebe cheti. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili, huua karibu kila mara. Mwogeshe, mkate kucha na umfunge kamba fupi. Anayemshika anawe mikono kabla na baada.

Ukifika mlangoni, simama. Muulize mgonjwa mwenyewe, si binti yake: "Nyanya, tukaribie au tupite?" Muislamu huenda akafurahi kumtazama mbwa bila kuguswa na mate yake, ambayo kwa Waislamu wengi ni najisi. Basi mbwa akae mbali. Akisema hapana, mshukuru upite, bila kumbembeleza.

Mbwa naye asikilizwe. Akipiga miayo, kujilamba midomo au kugeuza uso mara kwa mara, amechoka, mrudishe nyumbani.

Mgonjwa huamuliwa mengi: saa ya dawa, saa ya kula, saa ya kulala. Hili aamue yeye.