YUBILEI NA MIZANI
Nasaha kwa kwaya, siku ya yubilei ya miaka 50



Habari za yubilei tunazisoma katika Mambo ya Walawi, sura ya 25. Twapenda kukumbuka tarumbeta, watumwa kuachwa huru na mashamba kurudi kwa wenyewe. Lakini mstari wa 14 wa sura hiyo unakataza watu kupunjana wanapouziana. Na sura ya 19 inadai mizani ya haki. Yubilei na mizani haziachani.

Hapa Silibwet mizani tunaijua. Kila mchumaji anajua sheria: majani mawili na chipukizi. Anazijua pia hila: majani magumu chini ya gunia na mazuri juu, au maji kidogo ili uzito uongezeke. Huenda karani asione. Lakini kiwandani majani yetu huchanganywa, na chai duni hushusha bei kwenye mnada wa Mombasa. Bonasi ikija, hupungua hata kwa mjane aliyechuma vizuri. Hila ya mmoja hulipwa na jirani.

Kwaya nayo ni gunia moja. Mwimbaji akila pesa za sare, au akiongeza kilo kitabuni, sokoni hawataji jina lake. Wanasema, "Ni yule wa kwaya." Na wimbo wetu wote unapungua uzito.

Najua uaminifu ni mgumu zaidi wakati wa shida. Chai ikipogolewa, miezi hupita bila pesa, na karo haingoji. Hapo ndipo tunahitaji uvumilivu. Tazameni jirani zetu Tenwek. Hospitali ile ilianza mwaka 1937 kwa huduma ndogo. Daktari Ernest Steury alifika 1959, akahudumu miaka kadhaa bila daktari mwenzake. Wagonjwa hawakuisha, naye hakuondoka. Leo madaktari wapasuaji wanafunzwa pale. Kuvumilia si kukaa tu ukingoja. Ni kufanya kazi ya leo sawasawa, hata msaada ukichelewa.

Vijana wa kwaya, wazee waliotangulia wamewaachia nyimbo na jina jema. Nyimbo mtajifunza nyingine. Jina jema likipotea, kulirudisha ni kazi ya miaka. Jumapili imbeni kwa nguvu. Jumatatu gunia lenu lifunguliwe hadi chini bila hofu.

Mungu awabariki.