Mifupa na Pembe: Mali Inayotupwa Nyuma ya Bucha



Siku ya soko ng'ombe akiisha kuchinjwa, kila kiungo chake chajulikana kitakwenda wapi. Nyama hupimwa na kuuzwa. Ngozi huwekwa kando ikimngoja mnunuzi wake. Matumbo na kwato zina wapenzi wao. Lakini mfupa wa mguu, ukiisha kutolewa supu, hutupwa nyuma ya bucha, na hapo warithi wake ni mbwa na kunguru. Mazungumzo haya yahusu mfupa huo, pamoja na jamaa yake pembe.

Pengine mtu atauliza mfupa una heshima gani hata ufanyiwe mazungumzo. Jibu liko karibu. Katika Rasi ya Homa, kando ya Ziwa, pako mahali paitwapo Nyayanga. Wataalamu, wakiwamo wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walichimbua hapo zana za mawe pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa. Habari zake zilitangazwa mwaka 2023, na umri wake ulikadiriwa kuwa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Hao wa Nyayanga walitaka nyama tu. Lakini huko Olduvai, Tanzania, ilitangazwa mwaka 2025 kwamba imepatikana mifupa 27 ya wanyama wakubwa, wakiwamo tembo na viboko, iliyochongwa kwa makusudi kuwa zana yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Hapo ndipo waonekana watu walioutazama mfupa uliokwisha kuliwa nyama wakaona ndani yake kitu kingine.

Tena katika Kongo ya mashariki, mahali pa Ishango, mto Semliki unapotoka ziwani, Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua mnamo 1950 mfupa mdogo wenye mistari iliyochanjwa katika safu tatu, na kipande cha jiwe gumu kimepachikwa kwenye ncha. Umri wake wakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi. Wako wanaosema mistari hiyo ni hesabu, na wako wanaosema ilichanjwa ili mkono usiteleze. Mabishano hayajaisha. Pamoja na mfupa huo zilipatikana ncha za vyusa vya kuvulia samaki, nazo za mfupa, zenye miiba ya kumzuia samaki asichomoke. Mvuvi yeyote wa Homa Bay angezitambua mara moja kuwa ni kazi ya mtu aliyejua shida ya samaki mkubwa.

Wajaluo wenyewe hawakuwa nyuma. Wazee wanaijua oporo, ile pembe ya kupulizwa ambayo sauti yake ilivuka mabonde. Katika picha za zamani waonekana wazee na mashujaa wamevaa vilemba vilivyopambwa meno ya kiboko, yamepinda juu ya paji la uso kama mwezi mchanga. Huko pwani, siwa ya Pate iliyo katika makumbusho ya Lamu ilichongwa kwa pembe ya ndovu, na ilipulizwa katika sherehe za wakubwa tu. Na mganga wa kuumika, Bara na Pwani, alitumia chuku ya pembe ya ng'ombe. Hakuna aliyemcheka kwa kuwa ni takataka ya bucha.

Hapa lazima neno moja lisemwe waziwazi. Meno ya kiboko na pembe za ndovu si kitu cha kuchezea. Mwezi wa Julai 1989 tani 12 za pembe za ndovu zilichomwa moto katika mbuga ya Nairobi, na mwaka huohuo mataifa yakakubaliana kuifunga biashara hiyo. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 inaadhibu vikali mtu aliye na nyara bila ya kibali. Kwa hiyo kijana atakayeokota jino la kiboko ufukoni asidhani amepata bahati. Lakini mfupa wa ng'ombe, mbuzi au ngamia aliyechinjwa kihalali hauna kesi. Nao, ukitengenezwa, ni mweupe, ni mgumu, na hung'aa hata wengine hudhani ni pembe ya ndovu. Katika mtaa wa Kibera, Nairobi, wako mafundi wanaokusanya mifupa ya machinjioni na kuifanya shanga, hereni, bangili, vifungo vya nguo na vijiko. Baadhi yao huchora maua kwa nta juu ya mfupa, kisha hutia rangi nyeusi. Nta ikiisha kuondolewa, mahali ilipokuwa hubaki peupe.

Ili kuufahamu mfupa, mtu aweza kufanya jaribio dogo nyumbani. Achukue mifupa miwili ya kuku. Mmoja autie katika siki siku kadhaa. Utalegea hata upindike kama mpira, maana siki imekula madini yake yaliyo jamaa ya chokaa. Wa pili auchome motoni mpaka uwe mweupe. Utavunjika kwa kidole, maana moto umekula ile sehemu iliyo kama gundi. Nguvu ya mfupa ni hayo mawili yakishikana. Madini ni kama theluthi mbili za uzito wake, na yaliyobaki, zaidi ni gundi hiyo. Waingereza walipata faida hata kwa jivu lake: tangu karne ya 18 mafinyanzi wao waliuchanganya udongo na majivu ya mifupa ya ng'ombe, wakapata vile vikombe vyembamba vinavyopitisha mwanga.

Sasa kazi yenyewe. Mfupa ufaao ni ule mrefu wa mguu, wenye ukuta mnene. Hukatwa vichwa vyote viwili, uboho ukasukumwa nje, kisha huchemshwa polepole kwa maji na sabuni au magadi mpaka mafuta yatoke. Mwenye haraka huchochea moto sana, na mfupa wake huwa kama chaki. Baada ya hapo huanikwa kivulini, si juani, usije ukapasuka. Msumeno wa chuma, tupa, keekee na msasa vyatosha kuanzia. Rangi ya kahawia hupatikana kwa majani ya chai yaliyochemshwa.

Hatari ziko mbili, nazo si ndogo. Ya kwanza ni vumbi. Vumbi la mfupa huingia kifuani, na fundi aliyelizoea haoni analovuta. Afunge pua na mdomo, afanye kazi penye upepo, na anaposugua aloweshe maji. Ya pili ni kimeta. Mbegu za ugonjwa huo hukaa katika udongo, ngozi na mifupa miaka mingi bila ya kufa. Basi mfupa wa ng'ombe aliyekufa mwenyewe malishoni usiguswe hata ukiwa mzuri namna gani. Hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo. Wa kutumiwa ni ule wa mnyama aliyepimwa machinjioni, na si mwingine.

Pia mfupa waweza kumfundisha mtu asiyeuchonga kamwe. Henry Moore, mchongaji mkubwa wa Uingereza aliyefariki mwaka 1986, alijaza kiwanda chake mifupa na mawe. Alipopewa fuvu la tembo wa Afrika na jamaa wa Huxley, alilizunguka akilichora mwaka 1969 na 1970, akaona mapango na mabonde ndani ya matundu yake. Fuvu la fahali laweza kumfanyia vivyo hivyo mwanafunzi yeyote mwenye kalamu na subira.

Nao walimu wa kuchonga hawako mbali. Huko Tabaka, katika milima ya Kisii, familia nyingi huishi kwa kuchonga jiwe laini, na kazi zao huvuka bahari. Tupa na msasa wao ni vilevile vinavyotakiwa kwa mfupa, ila mfupa ni mgumu zaidi na hauvumilii mkono wenye pupa. Kijana wa Asumbi akipanda huko na mifupa michache iliyosafishwa ndani ya mfuko, aombe kukaa na fundi wiki mbili hivi, atarudi na bangili mbili tatu zilizopinda vibaya na nyingine moja ya kuvalika. Hiyo moja aipeleke kwanza kwa mama yake, kisha kwa mwenye duka.